Kinasa Radoni cha Mama Mkwe

Jamani, mimi mpaka leo nikipita Ihanda navuta kofia mpaka karibu na pua, na wala hainisaidii, maana lazima atokee mtu mmoja pale kwenye magunia ya mahindi apaze sauti, "Kinasa! Majibu yametoka?" na wenzake wacheke huku wameshika mbavu. Kusimulia naona aibu, sifichi, lakini afadhali mlisikie kutoka kwangu kuliko kwa yule muuza vocha wa stendi ya Vwawa ambaye siku hizi analisimulia kwa kuongeza chumvi, na siku yenyewe hata hakuwepo.

Ilikuwa miaka ile Vwawa bado ni makao makuu ya wilaya tu, habari za mkoa wa Songwe hazijafika masikioni mwa mtu, na mimi nina karakana yangu ya useremala kando ya barabara kuu, malori ya Tunduma yananipulizia moshi kutwa nzima, redio imening'inia kwenye msumari inaongea tangu asubuhi mpaka nafunga (hiyo redio ishikeni vizuri, ndiyo iliyonimaliza). Milango yangu ilikuwa na jina. Mtu akijenga Vwawa, akijenga Mlowo, mlango wa mbele anakuja kwangu. Sasa nyumbani kwangu mwenyewe, chumba ninacholala mimi na mke wangu Neema, kilikuwa na pazia. Pazia la maua ya bluu, basi, na sebuleni wanalala wadogo zangu wawili watu wazima kabisa wenye ndevu. Kila siku nasema mlango naweka wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika anatokea mteja mwenye haraka, mlango unaondoka naye. Neema alisema mara ya kwanza, akasema ya pili, halafu akaacha kusema, nami nikadhani amelizoea pazia.

Mimba ya kwanza ilipokuwa kubwa akaenda kujifungulia kwa mama yake huko Ihanda, kitongoji cha ndani kabisa, bondeni, kama desturi inavyotaka. Akajifungua salama, mtoto wa kiume, nikapeleka sukari na sabuni na vitenge, nikaoneshwa mtoto kwa dakika tano hivi, nikarudi nikiwa natembea juu kwa juu. Makubaliano yalikuwa arobaini ikiisha naenda kuwachukua. Kila kitu kilikuwa kwenye mstari mpaka alipokuja Dokta.

Huyu Dokta si wa hospitali, ni wa chuo, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, alisimamisha gari mbele ya karakana akaomba nimtengenezee vibao vidogo vya kutundikia vitu ukutani. Nikamuuliza vitu gani, akafungua boksi akanionesha vikopo vyeusi vya plastiki, vidogo, kila kimoja kina namba yake. Akaniuliza kama najua Kinyiha, nikasema ndiyo lugha niliyolilia, akasema basi wewe ndiye mtu wangu, kesho twende wote Ihanda ukanisaidie kuongea na wazee. Kisha akanieleza kazi yenyewe, na kwa sababu kazi yenyewe ndiyo iliyoniponza nitawaeleza kama nilivyokuja kuielewa baadaye sana: kuna gesi inaitwa radoni, inatoka chini kwenye miamba, inapanda polepole mpaka ndani ya nyumba, haina rangi wala harufu, na ikijaa kwenye chumba kisichopitisha hewa mtu akaivuta miaka na miaka inaweza kumharibia mapafu. Kile kikopo ni cha kuigundua. Hakina betri, hakina taa, ndani kuna kipande cha plastiki tu ambacho ile gesi inakiachia alama ndogondogo zisizoonekana kwa macho. Kinakaa chumba cha kulala miezi mitatu bila kuguswa, halafu kinapelekwa maabara, majibu yanatoka.

Hayo aliyasema nikiwa napiga randa na redio ikiwa juu, nikasikia gesi, nikasikia miezi mitatu, nikasikia maabara. "Umeelewa, fundi?" akaniuliza. Hapo ndipo pa kusimama, ndugu zangu. Ningesema Dokta rudia, angerudia, na leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini kulikuwa na wateja wawili wamekaa pale kwenye benchi wananiangalia, fundi mzima naulizwa na msomi, nikasema, "Nimeelewa, Dokta, hiki ni kitu rahisi."

Kesho yake tukafika. Nyumba za kuweka vikopo zilikuwa zimepigiwa kura, na watu walikuwa wanatungoja kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee mmoja mchangamfu mwenye koti la mvua analolivaa hata jua likiwaka. Dokta akasoma karatasi yake kwa Kiswahili cha Dar es Salaam kinachokimbia, "kigunduzi cha gesi ya radoni," akaenda hivyo mpaka mwisho, wazee wananitazama mimi. Mwenyekiti akaniinamia, "Fundi, kigunduzi ndiyo kitu gani?"

Kwa Kinyiha sikuwa na neno, kwa Kiswahili nikatafuta jepesi. "Ni kinasa," nikasema. "Kinanasa radoni."

"Ledioni?"

"Radoni."

"Eeh, ledioni," akasema, akitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaona tumefika. (Sisi wa huku ulimi wetu na herufi r hawapatani sana, na hilo neno lenyewe mimi nilikuwa nimelijua jana yake tu.) Mimi nikisema kinasa kichwani nina mtego wa panya, kitu kinachokamata. Wao wakisikia kinasa wana kinasa sauti, kile wanachotembea nacho waandishi wa habari. Kinasa sauti cha redioni! Manong'ono yakaanza, mama mmoja akajifunga kilemba upya, mzee mmoja akasafisha koo kwa nguvu, nami nikajisemea moyoni, kumbe watu wa Ihanda wanapenda sayansi namna hii.

Dokta akachukua nyumba za upande wa juu, mimi nikachukua za chini, na ya tatu kwenye karatasi yangu ilikuwa ya wakwe zangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, nikikutana naye njiani mimi napinda kwenye mahindi huku na yeye anapinda huko, salamu zinapitia kwa baba mkwe, na kuingia chumba anacholala hilo hata kulifikiria ni utovu wa adabu. Ningemwita Dokta aingie yeye na jambo lingeisha. Nikaona haya kumwambia msomi habari za ukwe, atanionaje? Neema mwenyewe alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Basi nikampa baba mkwe kikopo, kibao na msumari akapachike ndani, mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye migomba, nikaanza kuuhutubia ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe," sauti ikatoka ndani.

"Hicho ni kinasa radoni, mama. Kisiguswe, kisifunguliwe, kisihamishwe."

"Kinanasa nini?"

"Kila kilichomo humo chumbani, mchana na usiku."

Nikasikia kitanda kinalia, nadhani alikuwa amekaa.

"Na wewe huko Vwawa utapata?"

"Nitapata, mama. Na majibu mimi ndiye nitakayeyaleta."

"Haya," akasema, polepole sana. "Nimeelewa."

Tukawa watu wawili tulioelewa.

Arobaini ikaisha. Nikakodi taksi, nikanunua mbeleko mpya ya rangi ya njano, nikafika Ihanda nimechana nywele. Baba mkwe akanikaribisha kiti, akanipa maji, akakaa mbele yangu na mikono magotini. "Mkwe," akasema, "sisi hatuna neno na wewe. Tunasubiri majibu tu."

"Majibu ya kile kikopo?"

"Majibu."

Nikaona ni haki yao, wanaogopa gesi, wanataka wajue kama mtoto amevuta kitu. Nikajibu kitaalamu, "Mzee, majibu ni mpaka miezi mitatu iishe."

Baba mkwe akaondoa mikono magotini. "Miezi mitatu? Kwa jambo dogo namna ile?"

"Ndiyo utaratibu, mzee. Hauwezi kuharakishwa."

Akasimama, akatoka nje, nikamsikia anaongea na mtu nyuma ya nyumba kwa sauti ya chini, na huyo mtu akasema "miezi mitatu!" kama aliyeambiwa kuna msiba. Neema akaja na mtoto mgongoni, sikuelewa sura aliyokuja nayo. Akaniuliza kama siku hizi sisikilizi redio. Nikamwambia nasikiliza kutwa nzima, mbona ananijua. "Na husikii?" Nasikia, nikasema, nasikia vizuri tu, nimenunua hata betri mpya. Machozi yakamlenga, akageuka akaingia ndani, nami nikabaki pale na mbeleko ya njano mkononi, nimechanganyikiwa, sijui nimekosea herufi gani.

Nilirudi na taksi tupu. Nikaenda tena baada ya wiki mbili, tena taksi tupu, tena "majibu." Kule kitongojini nako watu walikuwa wamebadilika. Mzee wa kusafisha koo akanisimamisha njiani, "Fundi, jana nilikutaja." Nikamuuliza kanitaja wapi, akacheka, akanipiga bega, "Umesikia basi!" Mwenyekiti naye akanivuta pembeni akaniuliza kwa siri, "Mimi sauti yangu inatoka vizuri?" Alikuwa na mafua, nikajua anaulizia kifua, nikamwambia inatoka vizuri sana mwenyekiti, ongeza tangawizi. Nikaanza kuwaza labda ile gesi imeshawapanda kichwani. Nyumbani mambo yakawa mabaya, majirani wananiuliza mkeo vipi, mama yangu anapiga simu kutoka Ileje ananiuliza kama nimempiga mtoto wa watu, wadogo zangu wananitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. Usiku nalala peke yangu nyuma ya lile pazia nahesabu makosa yangu yote tangu darasa la kwanza, na hili la kweli halikuwemo. Mtoto wangu alikuwa ameanza kucheka, nasikia kwa simu, mimi sijamwona akicheka. Hilo liliniuma, siwafichi.

Miezi mitatu ikaisha. Tukaenda na Dokta kukusanya vikopo, na mwenyekiti akaitisha mkutano kwenye uwanja wa mashine ya kahawa, watu wakaja wamevaa kama Jumapili. Dokta akashukuru, akasema kama kuna swali waulize. Mwenyekiti akavua kofia.

"Swali letu ni ratiba. Sisi huku bondeni hatushiki masafa ya mjini. Tulitaka kujua tunarushwa saa ngapi, ili ndugu zetu wa Tunduma wafungulie ledio."

Dokta akasema samahani? Mzee wa kusafisha koo akasimama akamsaidia, kwamba yeye kila jioni baada ya chakula amekuwa akituma salamu kwa mdogo wake pale mpakani, na mpaka leo mdogo wake anakana kusikia, je kinasa chake ni kibovu? Mama wa kilemba akasema yeye ameimba kwaya nzima mwanzo mpaka mwisho. Mwingine akasema ameomba barabara ichongwe. Dokta akanigeukia taratibu, miwani imeshuka puani. "Fundi," akasema, "uliwaambia hiki ni nini?"

Nikafungua mdomo, na kabla sijasema chochote akasimama mama mkwe. Alisimama akanipa mgongo, kitenge kimefunika kichwa chote, akaongea kwa sauti kubwa kuelekea kwenye mashine ya kahawa.

"Mimi siulizi ratiba. Naomba mniulizie huyo aliye nyuma yangu. Alikuja kwangu kwa heshima, hakuingia ndani, alisimama migombani akanipa kinasa, akasema nitakayoyasema atayapata na majibu ataleta mwenyewe. Nikasema, huyu ni kijana mwenye akili, ameona mimi na yeye hatuwezi kuongea, ametafuta njia. Nikaongea. Kila jioni nimeongea. Nimesema, baba, binti yangu analala nyuma ya pazia na wanaume wamelala sebuleni, atamnyonyeshaje mtoto? Wewe ni fundi milango, watu wanafuata milango yako kutoka mbali, mwekee mwanangu mlango mmoja, nitamleta siku hiyohiyo. Sikuomba kingine. Miezi mitatu hajanijibu. Mwulizeni ni kiburi au ni nini."

Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Halafu mtu mmoja akasema, "Fundi milango, na kwake pazia!" na hapo, ndugu zangu, kicheko kilichotoka kilifukuza hata kuku. Nilitamani ardhi ipasuke niingie, nikakutane na hiyo radoni ana kwa ana. Nami nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja: majibu, redio, machozi ya Neema, betri mpya! Nikasimama, nikasema kwa Kinyiha na Kiswahili vikiwa vimechanganyika kwamba kosa ni langu, kwamba kinasa si cha sauti, ni cha gesi, na kwamba mimi mwenyewe sikuelewa nilichoambiwa nikasema nimeelewa.

Dokta, kumsaidia kila mtu, akatoa kikopo cha akiba akakifungua mbele yetu. Ndani, kipande cha plastiki, ukubwa wa ukucha. Mwenyekiti akakichungulia, akakitikisa sikioni, akakirudisha. Kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema, bado amenipa mgongo, na sauti safari hii ilikuwa ndogo, "nimekuwa naongea na kikopo."

Akajifunika vizuri akaondoka peke yake kwenye njia ya mahindi. Aibu yangu mimi ningeibeba, nimeizoea, lakini ile yake iliniingia mpaka kwenye mifupa, maana yule mama alikuwa ameniheshimu kuliko nilivyostahili, akaninyooshea maneno kwa upole jioni zote zile, na mimi niko Vwawa naongeza sauti ya redio.

Sikulala. Mlango uliokuwa tayari ni wa mteja mmoja wa Mlowo, mninga mtupu, nikampigia simu nikamwambia atanisamehe atangoja. Lakini sikuuweka kwanza nyumbani, nikauogopa mdomo wangu, nikaona safari hii wasisikie, waone. Nikaufunga kwenye baiskeli, nikausukuma kwa barabara kuu kutoka Vwawa mpaka Ihanda, malori yananipigia honi, abiria wamechomoza vichwa madirishani, na kitongojini kote nilikopita wananiimbia "Kinasa! Kinasa!" Nikausimamisha uani kwa wakwe, kitasa, bawaba na komeo tayari. Baba mkwe akauzunguka, akalivuta komeo mara tatu.

"Komeo linakaa upande upi?" akauliza.

"Wa ndani, mzee. Kwa Neema."

Akaingia, akakaa kidogo, akatoka. "Haya ndiyo majibu," akasema. Siku ya pili mlango ukakaa mahali pake chumbani kwetu Vwawa, ya tatu Neema akarudi na mtoto kwenye mbeleko ya njano, na pazia lile akalikata vitambaa vya kupangusia vyombo bila kuniuliza.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza umeelewa, nasema sijaelewa, hata kama nimeelewa, nasema rudia tena, na tena, mpaka anichukie. Wateja wangu wanajua. Mtu akiagiza dirisha nauliza, nachora chini kwa kijiti, nauliza tena.

Majibu yenyewe ya maabara yalikuja baadaye, Dokta akayaleta, na safari hii nilizima redio na kuweka randa chini. Akasema hakuna la kutisha, ila nyumba mbili tatu hewa haizunguki, ikiwemo ya mama mkwe, chumba chake hakina dirisha, ukuta upasuliwe liwekwe. Kazi nikaichukua mimi. Mke wangu kapewa mlango wa kufungwa, mama yake kapewa dirisha la kufunguliwa, sijui ndiyo sayansi au ndiyo nini. Nikasimama tena palepale migombani nikaanza kuchimba ukuta kwa tindo, polepole, tofali moja moja, na tundu lilipotokea nikageuza uso pembeni kwa adabu. Nikasikia kitanda kinalia.

"Mkwe," sauti ikatoka tunduni.

"Naam, mama."

"Na hili nalo linanasa?"

"Hapana, mama," nikasema, macho yangu kwenye migomba. "Hili nasikia mwenyewe."